Mistari Myeusi kwenye Cheti cha Maadili

Nianze na mashine. Watu wa kisa hiki wanaweza kusubiri, hawana jipya.

Kwenye dobi letu kuna mtungi wa mvuke mkubwa kama kabati la bibi harusi, umelazwa ubavu, una mlango wa chuma unaofungwa kwa kuzungusha gurudumu. Tunauita Bibi, kwa sababu unakoroma, unatema mate, na ukiukera unakuunguza. Sisi hatufui nguo za watu wa mtaani. Tunafua za hospitali: shuka, mapazia, na zile nguo za kijani za chumba cha upasuaji, nyingine anavaa daktari, nyingine anafunikwa mgonjwa kabla hajapasuliwa. Hizo za kijani zikishafuliwa na kukunjwa zinafungwa mafurushi, zinaingia kwa Bibi, zinapikwa kwa mvuke mpaka kila kijidudu kife.

Sasa utajuaje vimekufa? Hapo ndo penyewe. Kila furushi linafungwa kwa utepe wa gundi wenye mistari iliyopauka, rangi ya chai ya mgonjwa. Moto ukifika panapotakiwa, ukakaa muda unaotakiwa, ile mistari inageuka myeusi tii. Usipofika, inabaki vilevile, imepauka, inakutazama. Utepe hauna mjomba ofisini. Haujui bosi ni nani.

Anayemhudumia Bibi ni mama mdogo wangu, mdogo wake marehemu mama, na huu ni mwaka wake wa kumi na tisa. Yeye ndiye anayekagua utepe na kusaini karatasi: furushi namba fulani, limeiva, jina, sahihi. Bila sahihi yake gari la hospitali halibebi kitu. Mimi nakunja shuka meza ya tatu. Wakati huo nilikuwa mwezi wa tatu wa majaribio, na barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuwa kwenye droo ya Bosi, inangoja kalamu yake tu.

Jumatatu asubuhi mpira wa mlango wa Bibi ukapasuka. Ni mpira tu, duara, mnene kama kidole gumba. Lakini mvuke ukawa unatokea pembeni unapiga miluzi, na moto haufiki. Mafurushi yakaingia, yakatoka, mistari imepauka. Yakarudishwa. Yakatoka, imepauka. Mama mdogo akayapanga kwenye rafu ya pembeni, akaandika kwenye karatasi, akaenda kumwambia Bosi mpira uagizwe.

Bosi akasema mpira unachukua siku kumi kufika. Na Ijumaa ndo gari la hospitali linakuja, tena wiki hiyohiyo hospitali inaamua kama itatuongezea mkataba au itatafuta dobi mwingine. Kwa hiyo Bosi akamwita msimamizi wetu, jamaa tunayemwita Sawasawa. Jina lake kamili silijui, na nadhani hata yeye kashasahau, maana kila anachoambiwa anajibu "sawasawa" kabla hujamaliza kusema. Siku moja fundi bomba alimwambia "kaka, baba yako anakuita," naye akajibu sawasawa, na baba yake alishazikwa zamani.

Sawasawa akaingia chumba cha mvuke na maka peni nyeusi. Akakaa kwenye kiti, akavuta furushi la kwanza, akaanza kuichora ile mistari mmoja mmoja, ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa chekechea. Mpaka jioni mafurushi sitini na nne yalikuwa "yameiva". Kwa kuwa alikuwa ameshapata mkono, akakata na vipande vingine vya utepe, akavibandika kwenye kioo cha dirisha, safu kwa safu, akavichora vyote kabisa, akiba ya wiki ijayo. Yaani nguo bado ziko kwenye mashine ya kufulia, utepe wake umeshaiva.

Mama mdogo alisimama nyuma yake akamtazama mpaka akamaliza.

"Unajua hizo nguo zinaenda wapi?" akamuuliza.

"Hospitali, mama."

"Hospitali wapi?"

"Mama, mimi nimeambiwa nichore. Wewe umeambiwa usaini. Kila mtu na yake."

Bosi akatoa siku ya mwisho: Ijumaa saa sita mchana. Mama mdogo asaini karatasi ya mafurushi sitini na nne, au achukue barua ya kuachishwa kazi na aende zake. Miaka kumi na tisa, barua moja. Akisaini, zile nguo zinawekwa juu ya watu wanaopasuliwa. Ndo hivyo tu, halikuwa fumbo.

Sasa sikiliza maajabu. Wiki hiyohiyo ndo ilikuwa wiki ya semina ya maadili.

Hospitali ilikuwa imeweka sharti kwamba dobi anayetaka mkataba lazima wafanyakazi wake wote wawe na cheti cha mafunzo ya maadili. Bosi akatafuta mtu. Akaja bwana mmoja mrefu, viatu vimechongoka mbele, projekta kwenye begi, tukampa jina la Profesa ndani ya dakika tano. Si profesa, alisema mwenyewe, lakini alisema kwa namna ya kutaka tumbishie.

Semina ilifanyika chumba cha kukunjia. Tulisukuma meza ukutani, shuka moja ya hospitali ikatundikwa kuwa pazia la picha. Tulikuwa wafanyakazi kumi na watatu. Bosi alikaa nyuma, miguu imekunjwa nne, kama mtu aliyekuja kukagua harusi aliyoichangia.

Siku ya kwanza Profesa alitufundisha matawi. Nilikuwa naandika kwenye simu, vidole vinapishana, maana kusema kweli ilinichanganya akili kwa raha. Alisema maadili ni yale mnayoyafanya na kuyaona ni sawa au si sawa, na falsafa ya maadili ni kukaa chini ukauliza kwa nini. Akasema ina matawi makubwa matatu. La kwanza linauliza hilo neno "jema" lina maana gani hasa, jema lipo lenyewe kama jiwe lilivyopo, au ni sisi tumekubaliana tu kama tulivyokubaliana gari lipite upande gani. La pili linatafuta kipimo: tufanye nini, kwa kanuni ipi. La tatu linachukua kipimo hicho linakipeleka kazini, hospitalini, dukani, likione kikipima vitu vya kweli.

Mimi nikaandika hivi: la kwanza linauliza chumvi ni nini, la pili linauliza kiasi gani, la tatu limesimama mbele ya sufuria. Nikajiona nina akili nyingi.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Pasi, yule mama mnene anayepiga pasi makoti ya madaktari na asiyeweza kuona mkono umelala bila kuunyoosha juu.

"Mwalimu, kwa hiyo wapo wanaosema jema ni makubaliano tu?"

"Wapo, na wana hoja nzito."

"Basi tukubaliane," akasema Pasi, akatugeukia. "Nyie hamuoni? Tukubaliane zimeiva, tule, twende nyumbani."

Watu wakacheka. Profesa naye akacheka, akamwambia "mchango mzuri sana," akaandika jina lake ubaoni. Hakujua Pasi anasema nini. Sisi sote tulijua, na tukacheka vilevile. Mama mdogo alikuwa amekaa karibu na mlango, kwa sababu kila nusu saa alikuwa anakwenda kumsikiliza Bibi.

Siku ya pili ikawa ya vipimo. Hapo ndo niliona jinsi mtu mzima anavyoweza kuvalishwa koti la kukodi akalisifia kuwa la kwake.

Profesa akasema wapo wanaopima kwa matokeo: tendo jema ni lile linaloleta heri kubwa kwa watu wengi. Bosi akakunjua miguu. Nilimwona kabisa. Akakunjua miguu, akainamia mbele, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo, kwa mfano, hospitali ikikosa nguo kabisa, upasuaji ukasimama, wagonjwa wengi wakaumia, hayo ni matokeo mabaya?"

"Mabaya sana."

"Kuliko nguo ambazo labda, nasema labda, zina kasoro ndogo?"

"Hapo ndipo penye mjadala, Mkurugenzi. Swali zuri mno."

Bosi akaegemea kiti na uso wa mtu aliyepewa cheti cha kuzaliwa upya. Matokeo aliyoyahesabu yaliishia pale mkataba wake unapoishia. Mtu aliyelala mezani tumbo wazi hakumo kwenye hesabu.

Profesa akasema wapo wanaopima kwa wajibu: kuna mambo lazima yafanywe na mengine hayafanywi hata yakileta faida, na njia ya kujua ni kujiuliza kama ungependa kila mtu duniani afanye hivyohivyo. Sawasawa alisikia neno "wajibu" akafunga masikio hapohapo, yaliyobaki hayakuingia.

"Wajibu wangu ni kumtii aliye juu yangu," akasema, na hiyo ndo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akisema.

"Msimamo thabiti," akasema Profesa.

Nikashika simu niandike "msimamo thabiti", nikaacha, nikaandika "maka peni".

Ikabaki ya tatu, ya tabia. Profesa akaeleza kuwa wapo wasiouliza nifanye nini, wanauliza niwe mtu wa namna gani. Na kwamba sifa njema mara nyingi inakaa katikati: ujasiri upo katikati ya woga na ujinga wa kujitupa. Akatoa mfano, akachora mstari, akaweka nukta katikati.

Bosi akainua mkono tena. Mtu ambaye miaka yote hajawahi kutuuliza kitu, siku hiyo alikuwa mwanafunzi bora. "Katikati," akasema. "Nimependa hiyo. Mama wa chumba cha mvuke, hebu nikuulize mbele ya wenzako. Wewe unasema mafurushi yote sitini na nne hapana. Mimi nasema yote ndiyo. Katikati ni ngapi?"

Mama mdogo akamtazama.

"Thelathini na mbili," akajibu Sawasawa.

"Thelathini na mbili," akasema Bosi. "Asaini nusu. Si ndo hekima hiyo, Mwalimu?"

Na Profesa, kwa Mungu nakwambia, Profesa alifikiria. Akashika kidevu. Akasema, "Kimsingi si lazima iwe nusu kwa hesabu, lakini moyo wa maridhiano ni jambo la kutiwa moyo."

"Nusu ipi?" akauliza mama mdogo. Ndo mara yake ya kwanza kusema neno tangu semina ianze.

"Utachagua mwenyewe," akasema Bosi.

"Nachagua furushi au nachagua mgonjwa?"

Profesa akabadilisha slaidi.

Alhamisi ikawa zamu ya tawi la tatu, la maadili kwenye kazi. Profesa alikuwa amemwomba Bosi ampe mfano halisi ili somo liguse maisha yetu, akaahidi kuubadilisha mtu asitambulike. Jamani. Aliweka kwenye shuka maneno haya: "Mfanyakazi X, mwanamke wa makamo, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Amekataa kuidhinisha mikate sitini na nne, ingawa uongozi umejiridhisha. Je, X anatenda haki kwa wenzake ambao ajira zao ziko hatarini?"

Mikate sitini na nne. Shingo zote zikageuka kwenda mlangoni kwa pamoja, kama feni.

Mama mdogo akavaa miwani, akausoma mfano mpaka mwisho, midomo inacheza. Akavua miwani. "Mwalimu, huyo X wako ana jina?"

"Hapana mama, ni mfano wa kufikirika."

"Na hiyo mikate, utajuaje imeiva?"

Profesa akatabasamu. "Hilo haliko kwenye mfano."

"Ndo maana nikauliza," akasema mama mdogo.

"Mama, hapa hatutafuti jibu sahihi. Kwenye falsafa, njia ya kufika ni muhimu kuliko pa kufika. Tutapiga kura tuone hisia za chumba. Wanaoona X aidhinishe, mikono juu."

Bosi akasema yeye hapigi kura, asije akashawishi watu. Akasimama mbele kabisa, pale ambapo anamwona kila mtu.

Mkono wa Pasi ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Sawasawa akainua. Wakunjaji wa meza ya kwanza. Meza ya pili. Fundi bomba, aliyekuwa analalamika juzi tu kwamba mdogo wake amelazwa wodi ya upasuaji hospitali hiyohiyo, akainua, anatazama sakafu. Bosi akanitazama mimi. Hakufanya chochote kingine, alinitazama tu, na nikaiona ile droo na barua yangu ndani.

Nikainua mkono. Siongezi neno la kuupamba. Nilikuwa nimeshika simu kwenye mkono huohuo, kwa hiyo nikainua na simu.

Mikono kumi na moja. Waliobaki ni mama mdogo, na yule mzee wa kuchochea tanuru ambaye alikuwa amelala tangu Jumanne. Profesa akahesabu kwa kalamu, akaandika ubaoni, akasema kura si ukweli lakini ni kioo cha jamii. Mama mdogo akanyanyuka, akachukua kitambaa chake cha kichwa, akaenda zake kwa Bibi, na hakurudi semina. Katibu wa ofisi akaandika kwenye daftari la mahudhurio: hakumaliza.

Nyumbani jioni hiyo nilimkuta anashona kifungo cha koti lake la kazi. Nikajiwekea chakula, nikakaa mbali kidogo.

"Mama mdogo, ulikuwa mfano tu."

"Mfano ulikuwa wa mikate," akasema. "Mkono ulikuwa wako."

"Bosi alinitazama."

"Mimi ananitazama tangu Jumatatu, mbona sijafa."

Nikajaribu nilichojifunza. Nilifungua simu kabisa, nikamsomea. Nikamwambia ukiangalia matokeo, ukifukuzwa wewe, Sawasawa atasaini, nguo zitaenda vilevile, kwa hiyo kukataa kwako hakumsaidii mgonjwa, kunaumiza wewe na mimi na kodi ya nyumba. Nilikuwa najivunia ile hoja. Ilikuwa imesimama vizuri.

Akakata uzi kwa meno. "Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Mpaka leo umefunga mafurushi mangapi?"

"Sijui. Mengi."

"Utepe unapogeuka, anayegeuza nani? Mimi?"

"Moto."

"Haya. Mimi kazi yangu ni kusema moto ulifika au haukufika. Haukufika. Wewe unataka niseme nini, moto ulipiga kura?"

Nikazima simu, na hiyo kwangu si kitu kidogo.

Ijumaa palipambwa. Katibu alining'iniza maputo. Saa nne na nusu gari la hospitali likaingia, na mbele ya gari akashuka Sista Mkuu wa chumba cha upasuaji, mgeni rasmi wa kugawa vyeti. Mwanamke mfupi, kavu, viatu vya mpira, na kiunoni ananing'iniza kichupa cha spiriti ya kusafishia mikono. Akimsalimia mtu anapuliza. Alimsalimia Bosi akapuliza mara mbili.

Katibu alikuwa ameviringisha vyeti vizuri kama mikeka midogo, lakini utepe wa mapambo alisahau kununua. Asubuhi akazunguka kutafuta cha kufungia. Akapita chumba cha mvuke, akaona kwenye kioo cha dirisha vipande vya utepe vimepangwa safu kwa safu, vina mistari myeusi ya kupendeza, vimenyooka. Sawasawa alikuwa pale anahesabu mafurushi.

"Kaka, hivi navitaka nifungie vyeti."

"Sawasawa," akasema Sawasawa. Hakugeuka hata shingo.

Profesa akatoa hotuba. Alisema ameona katika timu hii ukomavu wa kimaadili ambao hajauona kwingine. Alisema tumevuka kutoka kwenye mazoea kwenda kwenye tafakuri. Maneno yote alikuwa nayo. Halafu akaitwa Bosi apokee cheti cha kwanza, kwa mfano bora. Sista Mkuu akakichukua mezani, akakinyoosha kumpa, mpiga picha akainama, na mkono wa Sista ukasimama njiani.

Akakisogeza karibu na macho.

"Hiki cheti kimepikwa?" akauliza.

"Samahani?" akasema Bosi, mkono wake bado umenyooka.

"Karatasi. Mmeipika kwa mvuke? Huu utepe umegeuka."

Profesa akacheka kicheko cha jukwaani. "Sista, hilo ni pambo tu."

Sista hakumtazama. Akapuliza spiriti kwenye kidole, akausugua ule utepe mara tatu. Kidole kikawa cheusi. Mistari ikatoka kama masizi, chini yake ikabaki ile rangi ya chai ya mgonjwa. Akachukua cheti cha pili, akasugua. Cha tatu. Akatuonyesha kidole, akakizungusha polepole chumba kizima kikione.

"Binti," akamwambia katibu, "hizi umezitoa wapi?"

Katibu wa watu hakujua kitu. "Kule chumba cha mvuke, ziko nyingi kwenye dirisha. Nilimwuliza kaka akasema sawasawa."

Tukaenda wote, kundi zima, maputo yakabaki yanagongana. Sista alivuta furushi la kwanza kwenye rafu akasugua. La pili. La tano. Alipofika la kumi na mbili akaacha, akajifuta kwa kitambaa, akakunja kitambaa upande mweusi uingie ndani.

"Sista," akaanza Bosi, "tukiangalia matokeo kwa upana wake..."

"Baba, matokeo ya hiki kitu mimi nayajua kwa harufu. Nani anayehusika na chumba hiki?"

Na hapo ndipo Bosi alipoachana na falsafa zote tatu kwa pamoja. Akanyoosha kidole. "Ni huyu mama. Miaka kumi na tisa tumemwamini."

Nilimtazama Profesa. Alikuwa anatazama viatu vyake vilivyochongoka.

Mama mdogo hakujitetea. Akaenda ukutani, akachomoa karatasi kwenye msumari, akampa Sista. Mistari sitini na minne ya karatasi, na mahali pa sahihi pote patupu. Pembeni, kila siku, kwa mwandiko wake wa kulala kushoto: utepe haujageuka. Jumatatu, utepe haujageuka. Jumanne, utepe haujageuka, mpira umepasuka, nimesema. Mpaka siku ileile, Ijumaa saa mbili: haujageuka.

Sista akasoma yote. Akauliza, "Nani mwingine alijua?"

Mikono kumi na moja iliyokuwa myepesi Alhamisi, Ijumaa ilikuwa mizito kama shuka zilizotoka kwenye maji. Pasi alikuwa anaunyoosha ukosi wa koti ambao haukuwa na kunyanzi. Fundi bomba alikuwa amefumba macho. Sawasawa alifungua mdomo, na nadhani ndo mara ya kwanza maishani jibu lake lilimkwama.

Nikainua mkono. Nilichelewa, najua. Niliuinua mtupu, simu niliitia mfukoni.

"Sote," nikasema. "Tulipiga kura."

"Kura," akasema Sista. Akanitazama kama unavyotazama doa ambalo hujui ni la nini. "Mlipigia kura vijidudu."

"Shusha mkono," mama mdogo akaniambia kwa sauti ya chini. "Umeshaeleweka."

Gari likaondoka tupu. Ule mpira wa siku kumi ulikuwepo stoo ya hospitali. Fundi wao akaja nao Jumamosi, akaufunga kwa robo saa. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Bibi akapiga mluzi mmoja, akanyamaza, akaanza kukoroma vizuri, na mafurushi sitini na nne yakaingia upya na utepe mpya. Mama mdogo akasaini moja moja huku amevaa miwani. Hospitali haikutuacha, maana dobi mwingine mwenye mtungi kama ule hayupo karibu, lakini wakaandika kwenye mkataba kwamba sahihi ni ya mama mdogo peke yake, na akiondoka yeye mkataba umeondoka. Barua yake ya kuachishwa sijui iliishia wapi.

Usidhani kuna aliyejifunza. Bosi amekitia cheti chake kwenye fremu ya kioo, kiko nyuma ya kiti chake, na pale utepe ulipokaa pana alama nyeusi aliyoifunika kwa picha ya familia. Sawasawa alipewa onyo kwa maandishi, akasema sawasawa. Mzee wa tanuru alipewa cheti akiwa amelala, wakamwekea kifuani. Profesa nimesikia anazunguka na mfano mpya kabisa, wa Mfanyakazi X aliyesimamia ukweli kwenye kiwanda cha mikate, na watu wanalia. Mimi Bosi aliniongezea miezi mitatu ya majaribio, sababu aliyoandika ni "tabia".

Wiki iliyopita wakaja wakaguzi wa mkataba kuhakiki mafaili. Mmoja akapitia orodha kwa kalamu, akasimama kwenye jina moja.

"Hapa kuna mfanyakazi mmoja hana cheti cha maadili," akasema. "Huyu wa chumba cha mvuke."

"Hakumaliza semina," akasema Bosi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Tunamfanyia kazi."

Mama mdogo alikuwa anapita na kitoroli cha mafurushi. Akasimama, akawaomba wasogeze miguu, akapita.